Tuanze na Filimbi, Bei Itafuata

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya wenyeviti wa mitaa, vikundi vya usafi na wenye nyumba wa pande zote mbili za mji wetu wa Mwanza. Wengi mlizuiwa na mvua, mkaniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha yalivyo, pamoja na utani wake.

Mwadila!

Mbona mmeitika nusu? Nusu nyingine mmetokea wapi? Mwadila!

Haya, sasa nasikia tuko nyumbani. Waheshimiwa madiwani, wenyeviti, watendaji, akina mama na vijana wa vikundi vya usafi, wenye nyumba na wapangaji, itifaki imezingatiwa. Nikianza kumtaja kila mmoja kwa cheo chake, taka zitatuozea mlangoni.

Mmemwita bwana afya mstaafu mumuulize swali moja: je, ada ya taka iwe moja mji mzima, kwenye halmashauri zetu zote mbili, Nyamagana na Ilemela? Nitalijibu mapema, ili anayewahi daladala ya Kisesa aondoke na jibu lake. Ndiyo, iwe moja. Lakini isiwe ndiyo ya kuanza. Ukianza na bei utagombana na kila mtu, na mwisho wa ugomvi taka zitakuwa pale pale. Mama wa kitenge cha njano, nimeuona mkono wako. Nivumilie kidogo, nitakufikia.

Kuna mtaa mmoja mpakani. Siutaji, maana mwenyekiti wake nimemwona safu ya tatu na ameshaanza kuangalia chini. Katikati ya mtaa ule kuna njia ya vumbi, upana wake guta moja linapita na la pili linasubiri. Kushoto ni Nyamagana, kulia ni Ilemela. Kushoto anakaa mama muuza vitumbua. Kulia, mlango ukitazamana na wake, anakaa mdogo wake wa tumbo moja, yeye anakaanga samaki. Wanaazimana chumvi, wanaazimana watoto, wakati mwingine wanaazimana hata waume wa kubeba mitungi. Lakini taka zao ni za serikali mbili.

Yule wa kushoto analipa kwa mwezi, ana kadi, na gari lake linapita Jumanne. Wa kulia analipa mia tano kila kiroba, na gari lake linapita likipita. Mnajua "likipita" maana yake nini? Maana yake mvua ikikata, mafuta yakipatikana, na dereva akiamka vizuri.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Jumanne filimbi ikilia upande wa kushoto, yule wa kulia anavuka njia na kiroba kichwani. Mzoaji anadai kadi, anaoneshwa kadi ya dada mtu. Ikaenda hivyo mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Mwezi wa tatu kijana wa gari akauliza, jamani, nyumba hii ina watu wanne, mbona inatoa viroba saba, na vitatu vinanuka samaki? Siku hiyo akagoma. Dada mtu naye akaona aibu, akakitoa kiroba cha mdogo wake uani kwake, akakiweka katikati ya njia.

Katikati kabisa. Nilikiona kwa macho yangu, niliitwa kusuluhisha. Kilikuwa kiroba cha unga cha kilo 25, kimefungwa kwa kipande cha chandarua. Upande mmoja mbwa walishakipasua, vichwa vya sangara vinachungulia, chini yake maji meusi yamechora mstari kwenye vumbi kuelekea korongoni. Mtendaji wa kushoto akasema kiroba hiki ni cha kulia, kinanuka samaki. Mtendaji wa kulia akasema kiko hatua moja ndani ya eneo la kushoto. Wakapima kwa miguu! Watu wazima, wenye mihuri mfukoni, wanapima kwa miguu.

Siku ya tatu mvua ikanyesha, ikamaliza kesi. Kiroba kikaingia korongoni, korongo likakipeleka Mirongo, na mto Mirongo ndugu zangu hauna kituo cha kati, unaishia ziwani. Ziwa lile lile ambalo maji yake yanavutwa pale Capri Point yanarudi kwenye mabomba ya wote wawili. Sasa niambieni, maji yale yakitoka bombani yana kadi? Yana upande wa kushoto na wa kulia?

Mpaka mwaka 2012 njia ile ya vumbi haikuwa mpaka wa halmashauri. Tulikuwa halmashauri moja ya Jiji, hadhi tuliyoipata mwaka 2000. Mwaka 2012 ikazaliwa Manispaa ya Ilemela, Nyamagana ikabaki na Halmashauri ya Jiji. Sensa ya 2022 ikakuta Nyamagana watu 594,834 na Ilemela watu 509,687. Jumlisha mwenyewe, ni zaidi ya milioni moja na laki moja, na wote wanamenya ndizi. Sijaja na habari za kuunganishwa tena, maana najua kesho mtaandika kwenye magrupu yenu kwamba mzee kasema halmashauri zinaunganishwa. Hayo ni ya wakubwa. Ninachosema ni kwamba wakituunganisha au wasituunganishe, kiroba kile cha katikati ya njia kinahitaji mwenyewe.

Na msidhani shida hii ni ya watu wenye vumbi tu. Mji wa Auckland, kule Nyuzilandi, mwaka 2010 waliunganisha halmashauri nane zikawa moja. Nane! Wana lami, wana ndoo za magurudumu, wana kompyuta. Siku ya kwanza ya halmashauri mpya wakakuta kumbe upande mmoja wa mji uzoaji wa taka ulikuwa ndani ya kodi ya majengo, hulipi siku ya gari. Upande mwingine mtu alinunua mfuko maalumu au lebo, ukitupa kingi unalipa kingi. Mwaka 2012 wakaweka mpango: wote walipe kwa kadiri wanavyotupa. Ni wazo zuri, linamfanya mtu apunguze taka. Wakavutana miaka. Mwaka 2022 wakageuza, wakasema hapana, wote tuingie kwenye kodi ya majengo, na walipofika 2024 ndiyo kwanza wanaziingiza zile sehemu za kaskazini na magharibi. Hesabu miaka. Mtoto aliyezaliwa siku halmashauri zinaungana alikuwa ameshamaliza shule ya msingi.

Kwa nini ilichukua muda wote huo? Kwa maoni yangu, kwa sababu bei ndiyo inayoonekana rahisi. Bei ni namba, unafuta hii unaandika ile. Lakini nyuma ya namba kuna watu waliozoea utaratibu fulani, wana mikataba, wana hesabu zao za mwezi. Ukimwambia aliyekuwa halipi mlangoni kwamba sasa atalipa mlangoni, kwake hujasawazisha kitu, umempandishia tu.

Turudi kwetu. Mnaposema "kiroba mia tano", kiroba kipi? Ngojeni, msicheke. Wenyeviti, nijibuni, kiroba kipi? Kuna kile cha unga, kilo 25. Kuna salfeti la kilo 50. Na kuna gunia la mkaa lenye kilemba, lile ambalo watu wawili wanalinyanyua wakiita majina ya mababu. Yote matatu mtaani yanaitwa kiroba. Na kuna ndoo ya lita 20, ambayo mwenyewe anasema ni nusu kiroba na mzoaji anasema ni kiroba kizima kwa sababu ndani mna maji. Hapo mzoaji ana hoja. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani kwetu ni maganda, pumba, majani, mabaki ya ugali. Ni taka mbichi. Ndoo moja wakati wa masika ina uzito wa ndoo mbili za kiangazi.

Kwa hiyo tukikaa leo tukapiga kura kwamba kiroba ni bei moja mji mzima, tutakuwa tumesawazisha jina tu. Kwanza tukubaliane chombo. Iwe ndoo, iwe salfeti, lakini kiwe kimoja Kirumba na Mkolani. Tukubaliane siku: mtaa huu Jumanne, mtaa ule Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe, na gari likikosa kupita kuna namba ya simu ya mtu mwenye jina. Tukubaliane filimbi, maana hapa mjini kuna filimbi ya taka, filimbi ya muuza barafu na filimbi ya sungusungu, na mimi mwenyewe nimewahi kutoka nje na ndoo ya taka nikamkuta muuza barafu. Na tukubaliane risiti. Nimekaa kazini miaka mingi, na sikuwahi kukutana na mtu aliyekataa kulipa kwa sababu ya elfu moja peke yake. Niliokutana nao walikataa kwa sababu mwezi uliopita walilipa na taka zikabaki. Huyo mnamwita mkaidi, lakini ukimsikiliza ni mteja aliyetapeliwa.

Sasa bei. Ada ile unayolipa mlangoni inagharimia safari tatu. Ya kwanza ni ya miguu, kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye kizimba. Nasema kizimba cha taka, maana siku hizi Mwanza ukisema kizimba watu wanadhani unafuga sato. Safari ya pili ni ya mafuta, kutoka kizimbani mpaka dampo. Ya tatu ni ya katapila, pale dampo penyewe, kusukuma, kufukia, kutunza barabara ili gari lisizame. Mtu wa tambarare karibu na barabara ya lami, safari yake ya kwanza ni hatua ishirini. Mtu wa mlimani je?

Mama, sasa nimekufikia. Ninyi wa huku mbele geukeni mumtazame. Simtaji jina, hajaniruhusu, lakini kikundi chake kinazoa taka juu mlimani Mabatini, kule ambako nyumba zimekaa juu ya mawe kama kuku waliopanda kulala. Niliwahi kupanda naye asubuhi moja nikiwa bado kazini. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshashuka mara mbili. Anafika mlangoni, anagonga kwa kijiti, anamimina ndoo ndani ya salfeti, anasonga mbele. Salfeti likijaa analifunga kwa kamba ya katani, anaweka kata ya kanga kichwani, na juu ya kata anaweka kipande cha nailoni. Nikamuuliza nailoni ya nini? Akasema, "Bwana afya, shika mgongo wangu." Nikashika. Ilikuwa imeloa. Ule uoza unachuruzika, unapita shingoni, unaingia ndani ya gauni. Nailoni inapunguza, haimalizi. Halafu anashuka na mzigo ule kwenye mawe yenye ukungu, mguu wa kulia unatafuta jiwe kabla macho hayajaliona, huku anahesabu kwa sauti nani kalipa na nani kasema "kesho". Nilihesabu hatua za mshuko mmoja mpaka kizimbani, nilipofika mia nne nikaacha, magoti yalikuwa yanazungumza.

Tukiweka ada moja kwa kutazama tambarare, kikundi cha mama huyu kinakufa. Hakifi kwa uvivu, kinakufa kwa hesabu. Na tukimwambia mtu wa mlimani alipe zaidi kwa sababu safari yake ni ndefu, tumemtoza maskini kwa kosa la kukosa kiwanja Capri Point. Basi tufanyeje? Mimi nasema mwenye nyumba mlangoni alipe sawa, wa mlimani na wa tambarare. Lakini fedha zikishaingia kwenye kapu zisigawanywe sawa. Mwenye kubeba kwa kichwa apate zaidi kwa kila salfeti kuliko mwenye kubeba kwa guta. Kapu lijazwe na nani? Hoteli, baa, maduka ya jumla, masoko. Hawa tayari hutozwa zaidi ya nyumba, na ni haki, baa moja usiku wa Jumamosi inatoa taka za mtaa. Usawa mlangoni, tofauti kwenye kapu. Nilirudie? Usawa mlangoni, tofauti kwenye kapu.

Kuna jambo linanikera hapa, nitalisema ingawa halikuwa kwenye karatasi. Kila panapotokea habari ya kusawazisha, hutokea mtu mwenye tai akasema vikundi ni vingi mno, tumpe mkandarasi mmoja mwenye magari, mkataba mmoja, bei moja, kazi imekwisha. Inavutia machoni. Lakini gari la taka haliwezi kupanda Mabatini, wala Igogo juu, wala Bugando upande wa nyuma. Litasimama barabarani lipige honi, na aliye juu na mtoto mgongoni ataambiwa ashushe mwenyewe. Hashushi. Atasubiri mvua, atamimina korongoni. Mkandarasi aje, karibu, achukue safari ya pili. Safari ya kwanza mlimani iwe ya vikundi, na iandikwe ndani ya mkataba, isiachwe kwa huruma yake.

Pembezoni nako kuna yao. Mzee mmoja upande wa Sangabuye alinifukuza nyumbani kwake, kwa heshima lakini alinifukuza. Nilikwenda kumweleza kwamba eneo lake sasa ni mjini, atalipia taka. Akanishika mkono akanizungusha uani. Maganda ya ndizi na ya viazi, ng'ombe wamekula. Majivu yako kwenye mchicha. Makopo mawili ya mafuta amepandia vitunguu. Akaniuliza, "Taka ziko wapi, mwanangu? Nioneshe nilipie." Nilitafuta, wallahi. Nikaona betri mbili za tochi na kandambili moja. Mzee yule umlazimishe alipie gari la kila wiki? Gari la mara moja kwa mwezi la vitu visivyooza linamtosha, na alipie hilo. Huduma ifanane kwa wanaofanana.

Kuhusu njia ya kukusanya nitapita haraka. Wapo wanaosema tuiweke kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kama ilivyofanywa kodi ya majengo mwaka 2021. Ni rahisi, haikwepeki. Lakini wapangaji mnakumbuka ilivyokuwa. Nyumba ya vyumba sita, mita moja, aliyenunua umeme siku ya makato ndiye aliyekatwa, halafu amfuate mwenye nyumba amdai. Na mwenye mita mbili je? Na asiye na umeme, yeye hali chakula akabakiza maganda? Mimi sina imani nayo kwa taka. Ada iliyokatwa kimya kimya inampa mzoaji uhuru wa kutokuja.

Sheria? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeziweka taka ngumu mikononi mwa halmashauri. Ada zinatungwa kwa sheria ndogo za kila halmashauri, na waziri anaziidhinisha. Maana yake mabaraza mawili yakikaa meza moja, waheshimiwa, yakaandika vifungu vya chombo, siku na risiti kwa maneno yale yale, kila baraza likapitisha kwake, mpaka wa njia ya vumbi unabaki kwenye ramani tu. Wala haihitaji kuvunja halmashauri ya mtu. Gumu litakuwa dampo. Buhongwa iko kusini, barabara ya Shinyanga. Gari likitoka kaskazini ya Ilemela kwenda huko limekatiza mji mzima, na dizeli hiyo haina upande. Hapo itabidi mhasibu wa huku na mhasibu wa kule wakae bila madiwani, samahanini waheshimiwa, wahesabu kilomita.

Ninachowaomba leo ni kidogo. Mitaa ya mpakani ianze. Si mji mzima, mitaa ile tu inayotazamana. Miezi mitatu, ndoo moja, siku moja, filimbi moja, pande zote mbili. Bei msiiguse, kila upande ubaki na yake. Kila mwenyekiti awe na daftari lenye safu nne: gari limepita au halikupita, saa ngapi, nyumba ngapi zimetoa, nyumba ngapi zimelipa. Na vikundi muandike safari, mmeshuka mara ngapi na salfeti ngapi. Madaftari hayo ndiyo yatakayotuambia bei. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tukiwa kwenye usafi tukutane pale kwenye njia ya vumbi, saa moja kamili, na reki zenu. Mwenyekiti wa safu ya tatu atatuonesha njia, anaifahamu. Wale ndugu wawili wameahidi vitumbua na samaki, ila mje na mia tano zenu.

Nimemaliza. Kijana, mpelekee mama wa kitenge cha njano kipaza sauti. Amenyoosha mkono tangu nilipoamkia, na nadhani hizo hatua za mlimani alizihesabu mpaka mwisho.